Dhahabu Chini ya Meno

Mgonjwa wa tatu kutoka kijiji cha Neutigol aliingia kwa miguu yake mwenyewe, na hilo nusura limponze.

Wawili waliomtangulia walikuwa wameletwa wamejikunja, kila mmoja na ndoo yake. Nywele zao zilinuka kitunguu saumu, na mikono yao ilikuwa bado myekundu kwa pilipili hadi kwenye viwiko. Pyo Seon-ok, muuguzi wa zamu katika chumba cha dharura, hakuwa na haja ya kuwauliza walikuwa wakifanya nini. Ilikuwa wiki ya majira ya baridi ya kutengeneza kimchi, kabichi ya Kikorea ya kuchachusha kwa pilipili. Wiki hiyo kila nyumba huita majirani, kabichi za mwaka mzima hupakwa viungo uani, na kazi ikifika katikati watu huchuchumaa wakala nyama ya nguruwe ya kuchemsha na chaza wabichi, vyote vimekunjwa ndani ya jani la kabichi lenye pilipili. Chaza wakiwa wazuri, watu hurudi kazini wakicheka. Wakiwa wameharibika, huja hapa.

Kwa hiyo Bibi Tak Bun-nam alipotokea mlangoni katikati ya wanawake wawili, mgongo umenyooka, suruali ya maua imeloa magotini, akasema amevimbiwa tu na hatakaa sana, Pyo alikuwa ameshamchagulia kitanda. Cha tatu, ubavuni mwa wale wengine. Kijiji kimoja, sinia moja, tumbo moja.

Aliyemshika mkono wa kulia alikuwa Guk Mal-ja, dada wa marehemu mume wake. Huyo ndiye aliyekuwa na maneno. Alieleza kwamba wifi yake alianza kukunja uso baada ya chakula, kwamba yeye mwenyewe alimsugua mgongo, akamfunga kidole gumba kwa uzi, akachoma sindano kwa kiberiti cha gesi na kumtoboa karibu na ukucha, na damu iliyotoka ilikuwa nyeusi tii. Damu nyeusi maana yake chakula kimekwama. Akampa na kichupa cha dawa ya tumbo. Angemwacha mikononi mwa wengine, alisema, huku akimtupia jicho mwanamke wa kushoto, sasa hivi wangekuwa wanapika uji wa matanga.

Mwanamke wa kushoto alikuwa Ban Ye-jin, mke wa mtoto wa Bibi Tak, aliyekuja kutoka mjini kwa siku hiyo moja. Alikuwa bado amevaa glavu ndefu za mpira, na mkoba wake mzuri ulining'inia juu ya glavu hizo.

Pyo alikata uzi ili damu irudi kwenye kidole, akabana kipimo cha oksijeni kwenye kidole kingine. Kisha akabandika vibandiko kifuani na kuwasha mashine ya umeme wa moyo. Hakufanya hivyo kwa sababu alishuku. Daktari Maeng, daktari pekee wa alasiri ile, alikuwa na amri moja isiyokuwa na mjadala: mwanamke wa umri ule akilalamikia chochote kati ya taya na kitovu, karatasi ya moyo kwanza, maneno baadaye.

Daktari alikuwa anashona paja la mkulima aliyejikata. Pyo alimwinulia karatasi mbele ya macho, naye akaisoma bila kuacha uzi.

"Haina cha kushika," alisema. "Lakini usiizime mashine. Utairudia. Hao watatu walikula sinia moja?"

Pyo alijibu kwamba anadhani hivyo.

"Usidhani. Nitafutie mtu aliyemwona akitafuna."

Pyo alirudi kwenye vitanda vitatu na kuvitazama upya, safari hii bila kuvipa jina moja.

Wawili wa kwanza walikuwa wamelala kwa ubavu, magoti yamefika kidevuni. Alipowabonyeza tumbo walipiga kelele, na mmoja alimpiga kofi mkononi. Mapigo yao yalikimbia, kama yanavyokimbia kwa mtu aliyetapika maji yote mwilini. Ngozi zao zilikuwa na moto.

Bibi Tak hakutaka kulala. Pyo alimbonyeza tumbo juu, chini, kulia, kushoto, naye akamtazama kama anayesubiri ukaguzi uishe. Kubonyezwa hakukuongeza maumivu hata kidogo. Alipoombwa aonyeshe panapouma hakunyoosha kidole. Alifungua kiganja kizima akakilaza kuanzia juu ya kitovu hadi katikati ya kifua.

"Panauma vipi, bibi?"

"Hapaumi. Pamekaliwa."

Alikuwa baridi. Shingoni, chini ya nywele, Pyo alikuta jasho jingi kiasi cha kulowesha kola, na nje kulikuwa na barafu kwenye madimbwi. Presha ilikuwa chini. Hilo halikumwambia Pyo kitu, kwa sababu chaza wabaya nao hushusha presha. Lakini presha ikishuka kwa kutapika, moyo hukimbia ili kufidia. Wa huyu ulikuwa unatembea polepole, polepole kuliko wa Pyo mwenyewe.

Akamvuta Mal-ja pembeni ya pazia na kumuuliza kama alimwona wifi yake akila.

Mal-ja alikasirika. Alimwona kwa macho yake haya. Jani mkononi, nyama ndani, chaza juu.

"Akalitia mdomoni?"

"Akalitia mdomoni."

"Mwa nani?"

Mal-ja alifungua kinywa ajibu haraka kama kawaida yake, kisha akasita. Siku ya kimchi ni mwenye nyumba anayelisha watu. Mikono ya wote imejaa pilipili, naye hupita akimkunjia kila mtu jani na kumtia kinywani kwa mkono wake.

"Mwangu," Mal-ja alisema. Akafikiri. "Na mwa mama wa kinu. Na mwa yule." Aliangalia vitanda viwili vya kwanza. "Yeye... ah, huyu hali mbele za watu, binti. Anasema akila anaonekana mvivu. Lakini lazima alikula. Mtu avimbiwe na nini?"

Hilo ndilo lilikuwa swali.

Bibi Tak aliinamia beseni akataka kutapika na hakikutoka kitu. Pyo alimwomba meno ya bandia, yasije yakamkaba. Alikataa mara mbili, kwa aibu, kisha akayatoa na kuyaweka kwenye bakuli bila kumtazama mtu. Pyo aliyapeleka kwenye sinki. Alikuwa ameshafungua bomba alipoyageuza, akalifunga tena.

Wale wawili wa kwanza nao walikuwa na meno ya bandia, na Pyo alikuwa ameshayaosha. Ilimbidi atumie brashi, kwa sababu pilipili ya kimchi mpya huingia chini ya fizi za plastiki na kuganda humo kama vumbi la matofali. Meno ya Bibi Tak yalikuwa safi. Hapakuwa na chembe nyekundu, wala uzi wa nyama. Huyu mtu hakutia pilipili mdomoni siku nzima, na mtu wa Neutigol hawezi kula nyama siku hiyo bila pilipili.

Lakini hayakuwa matupu. Katika mbonyeo wa nyuma, pale plastiki inapokutana na paa la kinywa, kulikuwa na kipande kidogo kinachong'aa. Pyo alikigusa kwa ncha ya glavu kikamgandia. Kilikuwa chembamba kuliko karatasi ya sigara.

Dhahabu.

Alikijua, kama ambavyo angekijua mtu yeyote wa Korea aliyewahi kufanya mtihani au kuoa au kuzika. Kilitoka kwenye kile kidonge kikubwa cheusi cha mitishamba, laini kama nta, kilichovishwa ngozi ya dhahabu. Mwanafunzi hutafuna nusu asubuhi ya mtihani. Bibi harusi hupewa na mama yake. Mtu akipata habari mbaya, hicho ndicho hutafutwa kwanza. Ni cha moyo unaodunda, cha kifua kinachobana. Hakuna mama wa Kikorea anayempa kidonge cha dhahabu mtu aliyevimbiwa. Wa kuvimbiwa hupewa kichupa.

Basi katika nyumba ile kulikuwa na mtu aliyejua, kabla ya sindano na kabla ya kichupa, kwamba shida ilikuwa kifuani.

Alimkuta Ye-jin karibu na mashine ya kahawa, hajanunua kahawa. Alimuuliza mama mkwe wake alikula nini. Ye-jin alisema vipande viwili, vitatu. Chaza? Ndiyo, na chaza. Alijibu kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa ukutani nyuma ya Pyo.

"Chini ya meno yake hakuna pilipili," Pyo alimwambia. "Kuna dhahabu."

Ye-jin alianza kuvua glavu. Moja ilikataa kutoka, akaiacha imening'inia kwenye vidole.

"Alinikataza," alisema. "Alinishika hapa." Akaonyesha kifundo cha mkono. "Alisema nikifungua mdomo tu hatanisamehe."

Mengine aliyasema haraka, macho chini. Alfajiri walikuwa wawili tu uani, wanaosha kabichi zilizolala kwenye chumvi. Mama akaweka kabichi chini na kukaa juu ya beseni lililopinduliwa. Akasema kifua kimebanwa, na taya linamvuta. Ye-jin alitaka kupiga simu. Mama akasema kabichi zimeshatiwa chumvi, zikiachwa hadi kesho zitakuwa chumvi tupu, majirani wako njiani, na kesho ni zamu ya nyumba nyingine. Tena kuna lile la pili: ni mara ya kwanza mke wa mwanawe kuja kusaidia. Kazi ikivunjika siku hiyo, Mal-ja atasema hadi kaburini kwamba mkwe kaja na mkosi wake. Kwa hiyo Ye-jin akampa kidonge. Akapata afadhali, au alisema hivyo. Maumivu yalirudi wakati wa chakula, na safari hii hayakuondoka.

Pyo aliuliza kidonge kilitoka wapi.

Ye-jin alitazama mkoba. "Changu. Nilinunua viwili. Nilikuwa nakuja kukaa siku nzima na kina shangazi."

Pyo hakucheka. Alikuwa ameshageuka kurudi. Taya. Alfajiri, kabla ya jani la kwanza kukunjwa. Maumivu yaondoka, yarudi, yakaa. Na ile karatasi safi ilikuwa picha ya dakika moja tu.

Alimhamisha Bibi Tak kutoka kitanda cha tatu hadi kile kilichokuwa chini ya mashine ya kushtua moyo, akamwambia Mal-ja, aliyelalamika kwamba wanamtenga na wenzake, kwamba huku kuna mwanga. Akafungua mshipa wa mkono kwa sindano nene. Akarudia karatasi.

Mistari mitatu ile inayoangalia sehemu ya chini ya moyo ilikuwa imeinuka. Haikuwa sana, lakini palipotakiwa pawe tambarare palikuwa na kilima.

Daktari Maeng alikuja glavu zikiwa na damu ya mkulima. Pyo alimpa habari kwa mpangilio: hakula, hajatapika, tumbo halijibu, jasho baridi, moyo wa polepole, ilianza alfajiri na taya, akapewa kidonge cha dhahabu. Alimwonyesha karatasi zote mbili. Daktari alizilinganisha, akasema neno moja chini ya pumzi, kisha akauliza kama amepewa dawa ya chini ya ulimi.

"Sijampa. Presha iko chini, na mishipa ya shingo imejaa. Nataka kwanza tuangalie upande wa kulia."

"Fanya hivyo."

Alihamisha vibandiko kutoka kushoto kwenda kulia. Kilima kilikuwako huko pia. Mshipa ulioziba ulikuwa unanyima damu sehemu ya chini na upande wa kulia wa moyo, na moyo wa namna hiyo huishi kwa kujazwa maji ya dripu. Ile dawa ya chini ya ulimi, inayomsaidia karibu kila mwenye kifua, ingelegeza mishipa yake yote na kumwangusha hapohapo. Pyo alifungua dripu. Daktari alikuwa tayari kwenye simu na hospitali ya mjini, ambako kuna chumba cha kuzibua mishipa ya moyo. Helikopta haikuwezekana, ukungu ulikuwa umelala mlimani tangu adhuhuri. Lingekwenda gari.

Aspirini zilitakiwa kutafunwa, na meno yalikuwa kwenye bakuli. Bibi Tak alizisaga kwa fizi, kwa bidii, uso umekunjana, kama mtu aliyepewa kazi na anataka ionekane ameimaliza.

Pyo akabandika pedi mbili kubwa za mashine ya kushtua, moja kifuani na moja ubavuni. Mal-ja aliuliza hizo ni za nini. Pyo alisema ni za akiba. Daktari akamweleza sasa waziwazi kwamba si tumbo, ni moyo, na ameumwa tangu alfajiri, na kwamba kidonge cha dhahabu alichopewa asubuhi hakikutosha.

"Kidonge cha dhahabu?" Mal-ja alirudisha maneno taratibu. "Nani ana kidonge cha dhahabu katika nyumba ile?"

Ye-jin alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda. Rangi ilimtoka usoni hadi midomoni. Mal-ja akageuka kumtazama yeye, kisha mkoba.

"Changu," alisema Bibi Tak chini ya barakoa ya oksijeni. Bila meno, maneno yalitoka yamelowa. "Nilikinunua kwa ajili yako, wifi. Nani atakuvumilia siku nzima bila dawa?"

Hata daktari alitabasamu. Mal-ja alikuwa anatafuta jibu, na alikuwa nalo, lilionekana linakuja, ndipo macho ya Bibi Tak yalipopanda juu na mkono ukateleza nje ya kitanda.

Kwenye kioo mstari ulikuwa umechanganyikiwa, hauna kilima wala bonde, ni mtetemo tu. Pyo alishabonyeza kitufe cha kujaza umeme kabla ya kujua kwamba amenyoosha mkono. Muuguzi mwenzake alianza kukandamiza kifua. Mal-ja alisema jina la wifi yake, jina lenyewe, Bun-nam, ambalo pengine hakuwa amelitaja tangu ujana wao.

"Wote mbali na kitanda," Pyo alisema.

Mwili uliruka kidogo, kidogo kuliko watu wanavyodhani. Mwenzake akarudi kukandamiza. Daktari alisimama na vidole shingoni mwa mgonjwa. Katika kitanda cha pili mwanamke wa chaza alianza kulia, na wa kwanza akamwambia anyamaze.

Mkono wa Bibi Tak uliinuka ukajaribu kumsukuma yule aliyekuwa akimkandamiza. Kwenye kioo kulikuwa na pigo. Likaja la pili, la polepole, likifuatwa na jingine.

"Umenivunja mbavu," alisema.

Daktari Maeng alimwambia ndiyo, pengine, na awasamehe.

Walimpakia garini na muuguzi yule wa pili, pedi zikiwa bado mwilini. Mtoto wake, mume wa Ye-jin, alikuwa kazini hukohuko mjini, angempokea getini. Mlango ulipokuwa unafungwa Bibi Tak alitoa mkono mmoja nje ya blanketi na kuwaelekezea wale wanawake wawili kidole kilichotobolewa. Asifuatwe na mtu. Kabichi.

Gari likaondoka. Wao hawakwenda kwenye kabichi. Walikaa kwenye benchi la ukumbini, nafasi ya mtu mmoja katikati yao, na Pyo alipowapita akienda na kurudi na dripu za wale wa chaza, aliwakuta vilevile. Mara moja Mal-ja alimsimamisha. Alitaka kujua kama sindano ndiyo iliyoharibu. Kama alimtoboa vibaya. Pyo alimwambia sindano haikuufikia moyo, ni muda tu uliopotea, na muda huo haukuwa wake peke yake. Mal-ja aliitikia kwa kichwa, lakini aliendelea kukizungusha kiberiti cha gesi kiganjani.

Katika maelezo ya mgonjwa Pyo aliandika saa maumivu yalipoanza, na kwamba alimeza dawa ya mitishamba. Kidonge kilitoka kwenye mkoba wa nani hakuandika. Hilo moyo haukulihitaji.

Simu ililia wakati jua lilikuwa linagusa paa la maegesho. Pyo aliisikiliza amesimama. Alirudia kwa sauti aliyoambiwa, ili asikosee na ili wasikie: mshipa wa kulia ulikuwa umezibwa kabisa. Umefunguliwa. Presha imepanda. Ameamka, na anagombana nao kuhusu meno yake.

Pyo alitazama bakuli kwenye sinki. Yalikuwa bado humo.

Mal-ja alisimama. Aliokota glavu za mpira zilizokuwa sakafuni akazikung'uta. Alisema basi, waende wakapake hiyo kabichi kabla haijawa chumvi tupu, hata kama watapaka kwa taa. Alifika mlangoni. Hapo akasimama.

"Ye-jin," alisema bila kugeuka. "Umebakiwa na kingine?"

"Kingine nini, shangazi?"

"Usinitanie. Cha dhahabu."

Ye-jin akafungua mkoba. Kilikuwa kimebaki kimoja. Mal-ja alikipasua kwa ukucha, akatia nusu mdomoni, na nusu ya pili, dhahabu ikiwa imeelekea juu, akamlisha mke wa mtoto wa kaka yake kwa mkono wake mwenyewe.